Masalu wa Ilemela, Bingwa wa Ayalandi

Masalu hajawahi kufika Ayalandi. Tuanze na hilo, maana wapo watu Ilemela mpaka leo ukiwaambia hivyo watakubishia mpaka jasho liwatoke. Watakuambia walimwona kwa macho yao amesimama chini ya bendera ya kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, mkono kifuani, akiimba wimbo wa taifa la watu. Ni kweli walimwona. Ni kweli aliimba, tena alikuwa ameyakariri maneno yote bila kuelewa hata moja. Lakini kuimba si kuzaliwa. Kitovu cha mwanamume yule kimezikwa nyuma ya mawe ya Ilemela, hatua chache kutoka ziwani, na mama yake, Teodora, anaweza kukuonyesha hata sasa ni nyuma ya jiwe gani.

Kazi yake ilikuwa majini. Miaka ile ya tisini, biashara zilipofunguliwa, viwanda vya samaki viliota ufukweni kila kukicha. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukabaki na mapanki, yaani kichwa na miiba na mkia. Kiwanda cha Bwana Mukesh kilivuta maji ziwani kwa bomba nene, na bomba lile lilikuwa na adui mmoja tu, magugu maji. Yalikuwa yakijisokota mdomoni mwa bomba mpaka mashine zinakohoa. Basi Masalu ndiye aliyepiga mbizi kuyang'oa, asubuhi mara moja, mchana mara moja, na wakati wowote fundi alipopiga filimbi. Aliogelea kama watu wa ziwani wanavyoogelea, kichwa juu na macho mbele, maana mtu aliyezamisha uso atamwonaje mamba? Na aliogelea kwa kasi, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, pale kiwandani alikuwa akija kila Alhamisi Padri Kolmani, mzee wa Kiayalandi mwenye nyonga mbovu, kuomba mapanki ya kuwapikia yatima. Alhamisi moja ya mwaka 1992 filimbi ikalia, Masalu akajitosa, akafika kwenye bomba, akarudi. Padri aliangalia saa yake, akaangalia ziwa, akaangalia tena saa. Kumbe mzee wa watu ujanani alikuwa mwogeleaji wa mashindano huko kwao, mpaka nyonga ilipomwambia basi.

"Masalu mwanangu," akasema, "wewe utaogelea kwa ajili ya Ayalandi."

Msishangae, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kule mwambani kwenye majumba ya wageni palikuwa na klabu yenye bwawa, na kila mwaka walishindania Kombe la Mataifa. Walikuwepo Wadenishi waliokuja kuchimba visima, Waholanzi waliokuja kukagua visima vya Wadenishi, na Wajerumani ambao sijui walikuja kufanya nini. Ilikuwepo timu ya India, nahodha Bwana Mukesh, ambaye alizaliwa Mwanza, baba yake alizaliwa Magu, na India yenyewe aliijua kwa kalenda ya ukutani. Ayalandi ilikuwa na Padri mmoja na nyonga yake.

"Padri, kwa nini nisiogelee kwa ajili ya Tanzania?" Masalu aliuliza, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu.

"Tanzania maandalizi yanaendelea," Padri akamjibu.

Na hakusema uongo. Kila mwaka klabu iliiandikia ofisi inayohusika, na kila mwaka ofisi ilijibu kwa barua safi yenye mhuri kwamba maandalizi ya timu yanaendelea. Yaliendelea miaka minne. Kwa nijuavyo mimi, hayajaisha.

Masalu akapelekwa kwenye bwawa. Alisimama ukingoni akachungulia, akaona sakafu. Hakuwahi kuona maji yenye sakafu. Akauliza mamba wanakaa upande gani, wakacheka, naye akaona hawa watu hawajali maisha. Lakini mambo mawili ndiyo yalimtesa. La kwanza ni kugeuka. Ziwani mtu anakwenda mahali, anafika, basi. Hapa ilibidi ufike ukutani, ujikunje, uupe ukuta mgongo, uupige teke, uondoke bila hata kuaga. "Huu ni ufedhuli, Padri," alisema. Padri alimfundisha wiki tatu.

La pili ni vazi. Kiwandani alizamia na kaptura yake ya kaki. Padri akamletea kichupi cha kijani, kimechorwa jani lenye vijani vitatu, alama ya Ayalandi, upande wa paja. Masalu alikigeuza huku na huku.

"Padri, sehemu nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu."

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu ndiye aliyeyavulia kuliko wahenga walivyokusudia. Siku ya mashindano alijitosa. Kichwa juu, macho mbele, akawaacha Wadenishi nyuma kama waliofungwa mawe. Bendera ikapanda, kaseti ya wimbo wa taifa ikapigwa, Padri akalia machozi hadharani. Masalu akapewa kadi ya klabu yenye picha yake, iliyojazwa na Padri: jina, Masalu, nchi, Ayalandi. Mwaka 1993 akashinda tena. Mwaka 1994 akashinda tena, na gazeti moja la mjini likaandika kwa herufi nene: MWAYALANDI MASALU HASHIKIKI.

Niwaambie ukweli, mwanzoni alifurahia. Nani asingefurahia? Mama Teodora aliikata ile habari akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kijana wa mtaa wa tatu akaja kumwomba viza. Siku za kuzibua mtaro wa mtaa, balozi wa nyumba kumi, mzee Paulo, alipita kila mlango akigonga, ila wa Masalu aliupita kimya, kwamba wageni hawasumbuliwi. Masalu akalala mpaka saa tatu na akajiona mjanja.

Ujanja ukaisha siku aliyofariki mzee wa jirani. Pale kwetu, mtu akifa wanaume wa mtaa ndio wanaochimba kaburi, na ndivyo unavyojua nani ni wa pale na nani mpita njia. Masalu akachukua jembe lake akaenda makaburini pamoja na wenzake. Akavua shati. Mzee Paulo akamshika mkono taratibu, akamwondoa kwenye mstari. Wakamletea kiti.

"Kaa, mgeni wetu. Umefanya vizuri kuja," mzee Paulo alimwambia, tena kwa upole kabisa.

Akakaa. Angefanya nini? Alikaa kwenye kiti cha mbao akiwatazama watu aliokua nao wakichimba, jembe lake limelala miguuni. Iliuma kuliko tusi. Usiku ule alimwambia mama yake abandue lile gazeti, mama akakataa.

Sasa ongeza na mapenzi. Masalu alikuwa amechumbia, binti wa Magu aitwaye Wilhelmina, mshona nguo mwenye cherehani yake mwenyewe, mcheshi, mwenye ulimi. Alimpenda sana, wala hakuona haya kusema. Posa ilipokelewa, barua zikaandikwa, na mwaka 1995 Padri Kolmani akaanza kusoma matangazo ya ndoa kanisani, Jumapili tatu kama ilivyo desturi. Jumapili ya kwanza kimya. Jumapili ya pili Padri akasoma: "Masalu wa parokia hii na Wilhelmina binti Ngosha wa Magu. Mwenye kujua kizuizi chochote aseme."

Akasimama Yakobo, baba mdogo wa Wilhelmina, aliyekuwa amepanda basi alfajiri makusudi kwa kazi hiyo. Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa gazeti.

"Padri, kizuizi kipo. Bwana harusi si wa parokia hii. Ni raia wa Ayalandi. Imeandikwa hapa, na mwenye kuandikisha ni wewe."

Kanisa zima likageuka. Padri akawa mwekundu mpaka masikioni. Alieleza habari za kombe, habari za nyonga, habari za maandalizi yanayoendelea, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ni uongo. Watu wengine waliguna kwa huruma. Tangazo la tatu likasimamishwa.

Kesi ikafika Magu, kwa Mzee Ngosha mwenyewe, baba wa binti. Huyu alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti refu la sufu jua liwake au mvua inyeshe. Padri alimwandikia barua kuthibitisha kwamba Masalu ni Msukuma halisi. Mzee akasomewa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi ya kwanza aliandika huyu huyu," akasema. "Mkono mmoja umesema mambo mawili. Mimi nitaamini lipi?"

Wakamwonyesha cheti cha ubatizo. Akauliza nani alimbatiza. Wakamwambia Padri Kolmani. Akacheka kidogo.

"Mkataa kwao mtumwa," akasema. "Mimi simchukii mzungu. Lakini binti yangu nikimtoa kwa mtu asiye na kwao, siku akifa atazikwa na nani? Nitakwenda mwenyewe nimtazame. Mtu hawezi kuficha alikolelewa."

Wilhelmina alimfuata mchumba wake kiwandani, akamkuta anachuruzika maji na magugu mabegani. "Masalu," akasema, "baba akikukataa mimi sitatoroka na wewe. Nakupenda, lakini sitaolewa kama mwizi. Mfanye akuone."

"Atanionaje? Nimsomee wimbo wa taifa wa Tanzania?"

"Ukiusoma utachanganya na ule mwingine," akasema Wilhelmina. Hapo alikuwa na haki, maana ndivyo ilivyokuwa.

Masalu akaamua kuachana na bwawa. Alikwenda parokiani na kichupi chake kimekunjwa kwenye gazeti, akakiweka mezani kwa Padri. Padri akamsihi. Mwaka huo ulikuwa wake wa mwisho, aliitwa arudi kwao kupumzika, na anayeshinda mara nne mfululizo analichukua kombe moja kwa moja. "Mara hii tu, mwanangu. Kisha nitatangaza mbele ya wote kwamba wewe ni Mtanzania." Masalu hakuwa na moyo wa kumnyima mzee. Akakirudisha kichupi mfukoni. Asichokijua ni kwamba Mzee Ngosha, huko Magu, alikuwa ameuliza Waayalandi wanaonekana lini na wapi, akajibiwa Jumamosi asubuhi, klabu, kwenye bwawa.

Jumamosi Mzee akashuka kwenye basi na koti lake, Wilhelmina nyuma yake. Mlinzi wa klabu alitaka kuwazuia, lakini Bwana Mukesh aliwaona. Aliwahi kuuza pamba na watu wa Magu, na alijua mzee wa namna ile hasimamishwi juani. Akamtafutia kiti cha heshima. Mwavuli uliobaki ulikuwa mmoja tu, upande wa mbali wa bwawa, juu kabisa ya ukuta wa kugeukia. Akamkalisha pale, mita moja kutoka majini, mwisho wa mstari wa nne. Akamletea soda. Mstari wa nne ulikuwa wa Ayalandi.

Masalu alikuwa upande wa pili, amejifunika taulo, anamwangalia Padri aliyekuwa anasali rozari. Hakuangalia mbele. Filimbi ikalia.

Mbio zilikuwa kwenda na kurudi. Kwenda, hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Alikuwa anaogelea na hasira ya kile kiti cha makaburini. Wadenishi walikuwa hawajafika nusu wakati mkono wake unagusa ukuta. Kichwa chake, kama kawaida, kilikuwa juu, na macho mbele. Mbele palikuwa na viatu viwili vya matairi. Juu ya viatu, koti la sufu. Juu ya koti, uso wa baba mkwe wake.

Ndugu yangu, kama hukulelewa kwetu nitakuelezaje? Mkwe ni mtu unayempisha njia. Mkwe huli naye ovyo, huongei naye ovyo, na hata kamba ya kiatu ikikatika unaona haya mbele yake. Na huyu mtu yuko mita moja kutoka kwa mkwe akiwa na kichupi cha kijani chenye jani. Padri alimfundisha sasa ajikunje, ampe mgongo, arushe teke aondoke. Maji ya teke lile yangemwagikia Mzee Ngosha kifuani.

Masalu akasimama. Akashuka majini mpaka shingoni, akakunja magoti, akaunganisha viganja, akapiga makofi mawili ya heshima chini ya maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema Mzee Ngosha, akaweka soda chini. Kisha akaanza kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu aliyekutana na kijana njiani wote wawili hawana haraka. Umeamkaje. Nimeamka salama. Wewe ni mwana wa nani? Masalu akamtaja baba yake. Na huyo ni mwana wa nani? Akamtaja babu yake. Na bibi aliyemzaa ametoka wapi? Akamtaja bibi, na kijiji chake, na mlima ulio nyuma ya kijiji. Ng'ombe hawajambo? Hawajambo. Mvua je? Imechelewa.

Wakati huo Mdenishi wa kwanza alifika, akajikunja, akapiga teke. Mjerumani naye. Timu ya India ilifika ikiwa hoi, ikageuka. Upande wa pili Padri Kolmani alikuwa amesimama juu ya kiti na nyonga yake, anapunga rozari, anaita, "Geuka, mwanangu, geuka." Waholanzi walidhani mtu amekamatwa na msuli. Wakuu wa mashindano wakafungua kitabu cha sheria kutafuta kama kusalimia kunakatazwa, wakakuta hakijataja lolote.

"Haya, nenda na kazi yako," Mzee Ngosha akasema hatimaye.

Masalu akaondoka. Lakini angemwachaje mkwe kwa kumwonyesha kisogo, na nyayo juu? Akarudi kinyumenyume. Mita ishirini na tano zote, amesimama wima majini, uso kwa mkwe, akijisukuma kwa viganja, akiinamisha kichwa kila baada ya hatua chache. Wenzake walikuwa wameshajikausha, mmoja alikuwa anakula sambusa. Ukuta ulipomgusa mgongoni ndipo alipojua amefika. Ayalandi ikashika nafasi ya mwisho.

Akabaki majini. Wakamwita atoke apige picha, akasema maji ni mazuri. Padri akaja na taulo, lakini taulo lilikuwa dogo, na kutoka majini ilibidi kwanza apande ngazi mchana kweupe. Bwana Mukesh akamwambia atapata homa. Masalu akatikisa kichwa, midomo imeanza kuwa ya bluu, na meno yanagongana. Alikuwa radhi kubaki mle mpaka mabasi ya Magu yaondoke.

"Mbona hatoki?" Mzee Ngosha akauliza, akiwa ameuzunguka ukingo wa bwawa na fimbo yake.

Wageni walitazamana. Mmoja akasema labda ni msuli. Mwingine akasema ana aibu ya kushindwa. Wilhelmina aliyajua yote, ila alinyamaza, midomo ameibana, maana hili lilikuwa la baba kuliona mwenyewe.

Mzee akatazama majini. Akakiona kichupi, akageuza macho haraka. Halafu akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, lile koti ambalo Wilhelmina anaapa hakuwahi kuliona likivuliwa nje ya nyumba. Akaligeuzia bwawa mgongo, akalinyoosha koti nyuma yake kwa mikono miwili, limefunguka.

"Toka, mwanangu," akasema. "Siangalii."

Masalu akapanda ngazi akaingia kwenye koti. Lilimfika miguuni. Lilinuka moshi na maziwa, na joto la mzee lilikuwa bado limo ndani. Akalia tu, mwanamume mzima, maji ya bwawa yakimtiririka na machozi pamoja.

Mzee Ngosha akamgeukia Padri. "Huyu si wa kwenu," akasema. "Wa kwenu asingeona haya. Kesho ni Jumapili. Soma lile tangazo lako la tatu."

Padri alilisoma. Aliuliza kama kuna kizuizi, na Yakobo akajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Kombe lilikwenda kwa Wadenishi. Padri Kolmani akarudi kwao mikono mitupu mwisho wa mwaka, na kichupi akamwachia Masalu kama kumbukumbu. Wilhelmina alikigeuza kuwa mfuko wa vifungo.

Wiki mbili kabla ya harusi, bibi mmoja wa mtaani alifariki. Masalu akachukua jembe akaenda makaburini, akasimama pembeni, hajui aingie au angoje. Mzee Paulo alimwona.

"Unasubiri nini? Mwenzako amechoka, mpokee," akamwambia.

Akavua shati akaingia shimoni. Alichimba mpaka udongo ukamfika kifuani, na hakuna aliyemletea kiti.